Mchanga wa Mwaloni kwenye Bustani ya Mama Minza

Wadogo zangu mnaotaka kushika jembe, mkiniona njiani mtasema huyu dada bado kijana, amestaafu nini? Ni kweli, mvi sina, na ngoma ikipigwa bado nacheza, ila nacheza nimesimama wima kama mlingoti wa bendera. Nilianza kuandaa bustani za watu nilipomaliza darasa la saba, na mgongo wangu umestaafu kabla yangu. Daktari aliniambia jembe basi, ndoo ya maji basi, kuinama basi. Nikamuuliza, kuangalia mche je? Akacheka, akasema kuangalia ruksa. Basi siku hizi naangalia, na naongea.

Kazi yangu ilikuwa moja. Mtu ana kipande cha ardhi nyuma ya nyumba ambacho hakijawahi kuota mboga. Ananiita, namwandalia udongo, namkabidhi ukiwa tayari kupandwa, naondoka. Wenzangu walinicheka sana. "Shija, wewe unalima usichopanda!" Sikujali. Ndege zilikuwa zinapita juu yetu pale Ibadakuli, karibu na uwanja wa ndege wa Shinyanga, na mimi ambaye sijawahi kupanda ndege nilikuwa nawaza kwamba siku nikipanda, nitachungulia dirishani na kuona kila uani kuna kipande cha kijani, kuanzia Shinyanga mpaka Geita huko machimboni. Ndoto hiyo bado ninayo. Haijaumwa mgongo.

Aliyenifundisha ni Mama Limbu, mama mmoja mnene wa hapo Ibadakuli aliyekuwa analima mboga na kutukana kwa wakati mmoja. Kabla hajaniruhusu kugusa jembe lake alinikalisha chini nikande udongo. Unachota kiganjani, unatia maji kidogo, unakanda kama tonge la ugali, halafu unaviringisha iwe kamba. Ikikatika hapohapo, huo ni luseni, udongo wetu wa kichanga, unaokunywa maji na mbolea bila kusema asante. Ikikubali kuwa kamba, na kamba ikakubali kupindwa ikawa pete bila kupasuka, hiyo ni mbuga, udongo mweusi mzito. Mbuga ina chakula kingi lakini ina kisirani. Ikilowa inang'ang'ania gumboot, unatoa mguu na kiatu kinabaki. Ikikauka inapasuka nyufa ambazo kifaranga akitumbukia, kuku anamlilia hapo juu mpaka jioni.

Kwa hiyo mbuga usiichimbe ikiwa tope na usiichimbe ikiwa tofali. Ngoja mvua inyeshe, ngoja maji yanywewe, chukua donge ulirushe chini. Likitawanyika, chimba siku hiyohiyo, maana kesho itakuwa imebadilisha mawazo. Udongo wa juu weka pembeni peke yake. Wa chini ulegeze tu, usiupandishe juu, haujazoea jua. Na tuta la mbuga liinue, maana maji yakisimama mizizi inakosa pumzi. Luseni fanya kinyume chake, lima tuta la kushuka kama karai ili maji yakae.

Samadi nayo ina adabu yake. Shemeji yake Mama Limbu alikuwa na ng'ombe wengi na maneno mengi. Alibeba samadi mbichi kutoka zizini, inafuka moshi, akaimwaga kwenye nyanya zake. Akatuambia, "Nyinyi mnaisubiri ioze, mimi nazipa nyanya ikiwa moto, kama chai." Wiki haikuisha, nyanya zilikuwa kama zimepitiwa na pasi. Mama Limbu akaenda kuzitazama, akamwambia, "Shemeji, chai yako imeunguza wageni." Samadi iliyoiva imepoa, nyeusi, ukiinusa unasikia harufu ya ardhi baada ya mvua, husikii ng'ombe kabisa. Kama bado unamsikia ng'ombe, subiri.

Na kulainisha mbuga hakuna kitu kama makapi ya mpunga. Kahama mashine za kukoboa zipo nyingi, na makapi yanarundikana nyuma yake kama vilima. Unayachanganya na samadi iliyoiva, maana makapi peke yake yana njaa, yatakula mbolea kabla ya mboga. Unageuza, unalaza, unatandaza majani makavu juu. Hapo udongo uliokuwa unavunja mpini utauchimba kwa kijiko.

Sasa mnisikilize, maana haya yote nimeyasema ili mwelewe yaliyotokea upande wa Geita.

Kuna kijiji kimoja cha wachimbaji, jina lake nitaliacha. Mama Minza alikuwa anaishi pembezoni mwake na mume wake na binti yao, Minza, ambaye alikuwa bado hajaanza shule. Alinipata kupitia mtu, akaniita niende kumwandalia kipande cha mbuga nyuma ya nyumba. Nilipofika, hata mkeka wa kukalia sijaletewa, mume wake akaanza utani.

"Mwangaluka, fundi. Ndiyo wewe daktari wa udongo?"

"Mwangaluka mhola, Baba Minza. Ndiyo mimi."

"Basi huyu mgonjwa ameshakufa. Nimevunja majembe humu. Wewe andaa mazishi tu."

Mama Minza akamwambia, "Nyamaza wewe, usimkatishe tamaa mtoto wa watu." Halafu akanivuta pembeni, akaniambia jambo ambalo lilifanya kile kipande kidogo kiwe kizito kuliko mashamba yote niliyowahi kuingia.

Mume wake alikuwa anafanya kazi mwaloni. Mwalo ni pale wanaposafishia dhahabu: mawe yanasagwa mpaka yanakuwa unga, unga unaoshwa kwa maji, halafu zebaki inatiwa kwenye karai ili ikamate dhahabu. Yeye ndiye aliyekuwa anakoroga karai, kwa mikono mitupu, halafu wanachoma ile zebaki na yeye amesimama hapo hapo kwenye moshi. Mikono ilikuwa imeanza kutetemeka. Usingizi umepotea, hasira zimekuja. Zahanati walimwambia aache. Akasema akiacha watakula nini? Wakabishana miezi, mwisho akamwapia mke wake: siku sufuria la kwanza la mboga ya bustani hii litakapoiva, na wakaona kuna cha kula na cha kupeleka sokoni, kesho yake mwaloni harudi.

"Kwa hiyo, mdogo wangu," Mama Minza akasema, "usifikiri nakuomba mchicha."

Nilichimba ile mbuga kwa moyo wangu wote. Yeye alikuwa anavunja madonge kwa rungu nyuma yangu, Minza anaokota mizizi. Baba Minza alikuwa akirudi jioni anatuzunguka anacheka, lakini nilimwona anapima kwa hatua mahali pa nyanya na mahali pa bamia, midomo inacheza kama mtu anayeongea na nafsi yake. Alikuwa anaitaka ile bustani kuliko sisi.

Madonge yalikuwa bado magumu. Nikawaambia naenda Kahama kutafuta makapi ya mpunga, nikipata lori nitarudi mapema, nikikosa watanivumilia. Baba Minza akauliza, "Yaani udongo unasubiri makapi kutoka Kahama? Mchanga hautoshi?" Nikamwambia mchanga unasaidia kidogo, lakini makapi ni bora. Mama Minza akamwambia aache maswali, fundi anajua kazi yake. Nikaondoka.

Lori nililikosa, nikakaa Kahama kuliko nilivyotaka. Niliporudi na viroba vyangu, Baba Minza alikuwa amesimama katikati ya bustani, kifua wazi, toroli pembeni, anang'aa jasho na furaha.

"Fundi! Rudisha makapi yako Kahama. Mgonjwa amefufuka!"

Nikaangalia. Matuta yalikuwa yamepangwa vizuri, yamesawazishwa kwa reki, mazuri kuyatazama. Nikachota kiganjani. Laini kama unga wa sembe. Rangi yake haikuwa nyeusi tena, ilikuwa ya kijivu, na ule unga ulishika kwenye mistari ya vidole vyangu ukakataa kutoka. Minza alikuwa amekaa mwisho wa tuta, miguu imezama humo, anachora nyumba kwa kidole.

"Baba Minza, mchanga huu umetoka wapi?"

"Mwaloni. Nimeubeba kwa toroli kila nikitoka kazini. Kuna lundo la zamani, limeoshwa na kurudiwa mpaka hakuna anayelitaka. Tajiri mwenye mwalo akasema chukua, tena unanisafishia uwanja. Nilitaka ukirudi ukute kazi imekwisha. Tupande upesi."

Sijui kama mmewahi kuangalia uso wa mtu aliyefanya kazi kubwa kwa ajili ya watu anaowapenda, na nyinyi ndio mnatakiwa kumwambia ameharibu. Mimi ni mtu wa kulia haraka, mama yangu alikuwa ananiita wingu. Siku ile nilijikaza.

"Lile lundo," nikasema, "umewahi kuona nyasi juu yake?"

Akafikiri. "Nyasi zinakanyagwa."

"Na nani? Si umesema hakuna anayelitaka?"

Akalitazama toroli lake. Mama Minza alikuwa ametoka jikoni na mwiko mkononi. Alielewa kabla mimi sijamaliza. Aliutupa mwiko, akamnyanyua Minza kutoka kwenye tuta kama anamtoa motoni, akamkimbiza kwenye beseni, akaanza kumsugua mikono na miguu mpaka mtoto akalia.

Nikamweleza mumewe. Mchanga ule umepita kwenye karai zenye zebaki, na zebaki haiondoki kwa kuoshwa. Inabaki kwenye ule unga, mboga inaweza kuinywa, na mtoto anayecheza humo ataila kwa vidole. Mboga haitakuambia. Inaweza kuota nzuri tu.

Hapo akakasirika. Zile hasira za ghafla za ugonjwa wake nilikuwa nimezisikia tu, sasa nikaziona. Akapiga toroli teke likaanguka.

"Zebaki, zebaki! Mimi naishika kwa mkono huu kila siku! Naikoroga, naikamua kwa kitambaa, naivuta moshi wake! Nimekufa? Nitazame! Nimekufa?"

Akanyoosha mkono mbele yetu ili tuone mkono wa mtu asiye mgonjwa. Ulikuwa unatikisika kuanzia kwenye kiwiko, vidole vinacheza kila kimoja peke yake. Tulibaki tunautazama wote, na yeye akautazama.

"Shusha mkono, Baba Minza," mke wake akasema taratibu. "Shusha tu, mume wangu."

Akaushusha, akakaa kwenye ukingo wa tuta, akafunika uso.

Jioni ile mvua ilinyesha. Tangu tumalize kuchimba watu walikuwa wanaililia mvua, na ikaja siku ile, nzito, ikapiga yale matuta ikapeleka unga wa kijivu chini kwenye kila ufa tuliokuwa tumeufungua kwa jasho. Tulikaa mlangoni tunaisikiliza.

Asubuhi nilikwenda kumwita afisa ugani wa kata, dada mmoja mpole. Akaja na pikipiki yake, akachota, akatazama, akauliza maswali yaleyale. Akatuambia kupima udongo ni mpaka upelekwe mbali na majibu yatachelewa, lakini yeye asingemlisha mwanawe kitu kilichoota pale. Tuondoe wa juu wote, tuufukie mbali na mto na kisima, tuvae gumboot na glovu, na hata baada ya hapo tusipande cha kula.

"Mpaka lini?" Mama Minza akauliza.

Yule dada akatazama chini. "Mama, nikikutajia muda nitakuwa nakudanganya."

Basi tukaung'oa udongo wetu wenyewe. Mwenye kazi hii anajua udongo wa juu ni nini. Ndio wenye uhai, ndio unaoulinda usitoroke na maji, unaulisha, unaufunika kama mtoto mchanga. Tuliupakia kwenye toroli kama takataka. Baba Minza ndiye aliyechimba shimo, juu kwenye mwinuko, na hakutaka mtu amsaidie. Alipomaliza kufukia akaja akasimama mbele ya mke wake.

"Narudi mwaloni," akasema. "Mpaka upate bustani nyingine."

"Usirudi."

"Tutakula nini?"

"Nsansa ipo." Alikuwa na kiroba cha majani makavu ya kunde, kimebaki nusu.

"Nsansa itafika wapi, Mama Minza? Msimu mmoja tu. Niliapa sufuria la kwanza, na sufuria halipo."

"Mimi nakufungua kwenye kiapo hicho."

"Wewe unanifungua, tumbo la Minza halinifungui." Akachukua kitambaa chake, akaenda. Mama Minza alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea, kisha akanigeukia akasema, "Shija, tuanze wapi?"

Tulianza mlangoni. Nilikagua eneo lote la nyumba, mahali pekee ambapo mchanga wa toroli haukupita palikuwa mbele ya mlango, ardhi iliyokanyagwa mpaka ikawa sakafu. Tuliipasua kwa sururu. Tukaomba udongo wa kichuguu kwa jirani, na majani makavu kutoka kwenye ngitili ya ukoo wa huyo jirani, eneo lao lililofungwa lisilishwe mifugo mpaka kiangazi, tena kwa ruhusa ya wazee, msije mkaingia ngitili ya watu bila kuomba. Tukaweka makapi yangu na samadi iliyoiva. Kilitoka kipande kidogo, kama vitanda viwili vilivyounganishwa. Nikawaza kuharakisha, kila siku ya kungoja ilikuwa siku moja zaidi ya karai na moshi, lakini udongo haujui haraka ya mtu. Ukipanda kabla mchanganyiko haujapoa, unaunguza miche na unaanza upya. Mama Minza alikuwa anaingiza mkono humo kila asubuhi kusikia kama bado una joto. Alikuwa anaingiza mkono kama mtu anayepima homa ya mgonjwa. Ulipopoa alikuja kuniamsha kwa kunitikisa mguu.

Tukapanda chainizi, mboga ya majani inayowahi kukomaa, ikakubali. Siku sufuria la kwanza lilipoiva, Baba Minza alitoka mwaloni, akanawa, akakaa. Akala. Akasema, "Nimemaliza," na mke wake akadhani anasema chakula. Kesho yake hakwenda, na hakwenda tena.

Ningependa kuwaambia mkono ulitulia. Haukutulia. Alipojaribu kupandikiza miche aliivunja, akaja akaniwekea kiganjani vipande vya shina. Zahanati waliwaambia kuna kinachotoka mwilini polepole na kuna kisichotoka. Kile kipande cha mlangoni kiliwalisha lakini hakikutosha kupeleka sokoni, na Mama Minza akaanza kwenda kulimia watu mpunga. Mboga niliyoiotea ndoto ya kuiona kutoka dirisha la ndege ilikuwa ya kumtoa mtu mmoja mwaloni, ikamtoa amechelewa.

Ninachowaomba, wadogo zangu, mkifika kwa mtu, kabla ya kusifia udongo laini, ulizeni ulikotoka. Machimboni mchanga wa kijivu upo kila mahali, wanajengea, wanajazia mashimo ya barabara, na mtu mwenye mbuga ngumu na moyo mzuri atauona ni zawadi. Mwambieni mapema, hata kabla hajauliza. Na mkilazimika kumwambia amekosea, msimwambie mbele ya watu.

Mara ya mwisho kwenda kwao ilikuwa masika. Nikakuta kile kipande cha nyuma kimejaa mchicha. Hakuna aliyeupanda, mbegu zilikuja na upepo, na ulikuwa umeota kuliko mchicha wowote nilioutengenezea udongo mimi, majani mapana, mashina mekundu yanang'aa. Baba Minza alikuwa amepiga magoti katikati, glovu mkononi, anaung'oa mmoja mmoja na kuurundika kwenye toroli akaufukie. Hiyo ndiyo kazi aliyobaki nayo. Mkono ukitikisika unang'oa vilevile.

Akapita mama mmoja, mtoto mgongoni, mgeni wa pale kijijini, akasimama kwenye ua wa miiba.

"Shikamoo, baba. Nigawie huo mnaotupa, hata fungu moja. Watoto wamelalia uji."

"Marahaba. Huu hapana, mama."

"Jamani, baba, si unakwenda kuufukia? Mnafukia chakula?"

"Huu hapana." Akajaribu kueleza, akaanza na zebaki, akaishia katikati. Mama akamtazama mikono, akamtazama usoni, nadhani alimwona mlevi. Akaanza kuondoka huku anasema kwa sauti kwamba kuna watu na roho zao.

"Subiri!" Baba Minza akapaza sauti upande wa nyumba. "Mama Minza! Mchumie huyu mama mboga ya mlangoni!"

Mama Minza akatoka. "Kiasi gani? Ndiyo ya leo ile, na tuna mgeni."

"Yote," akasema. "Akiondoka mikono mitupu atarudi kuchuma huu tukiwa tumelala."

Mama Minza akaichuma yote, akamfungia kwenye kanga yake. Sisi jioni ile tulikula ugali na maji ya chumvi.